Kuuza ni Kitu Kimoja, Kuaminika ni Kingine

Katika toleo lililopita tulizungumza juu ya vitabu vya hesabu. Vikundi vingine vimetuandikia kusema kwamba vitabu sasa viko tayari, ila pesa za kuandika ndani ndizo hazionekani. Tulicheka, lakini tulielewa. Kwa hivyo leo tunazungumza juu ya wateja, na juu ya watu wengine ambao si wateja lakini wana uwezo wa kuifunga biashara yenu kwa wiki moja.

Kuna kazi mbili ambazo vikundi vyetu huzichanganya. Ya kwanza ni utafutaji soko. Ya pili ni uhusiano mwema. Kampuni kubwa huwa na ofisi mbili, kila moja na mkubwa wake, na mara nyingi hawa wakubwa hawaelewani. Sisi kwenye kikundi, mwekahazina ndiye anayefanya zote mbili, tena jioni baada ya kukamua. Hapo si ajabu zikichanganyika.

Tuanze na kisa chetu wenyewe, kwa sababu hili kosa na sisi tulilifanya.

Kuna kikundi cha akina mama ambacho ofisi yetu imekisaidia kwa miaka kadhaa. Hununua maziwa kwa wakulima wa hapo karibu, huyachemsha, hutengeneza mala na kuipakia kwenye pakiti. Walikuwa wakiuza kama lita 120 kwa siku: madukani, kwenye hoteli ndogo za sokoni, na shule moja ya msingi ambayo ilichukua mala kila Jumatano. Muhula mmoja, Jumatano jioni, watoto 11 wa ile shule waliumwa tumbo na kutapika. Hakuna aliyelazwa zaidi ya usiku mmoja, tunashukuru. Lakini kufikia Ijumaa, soko zima lilikuwa likisema ni mala ya wamama.

Mauzo yalishuka. Kikundi kikaja kwetu na mpango: wakopeshwe kidogo wapake ubao wao rangi mpya, wapige chapa karatasi za kugawa sokoni, na wapunguze bei ya pakiti kwa shilingi 15 kwa mwezi mmoja ili watu warudi. Mpango uliandikwa vizuri, na hesabu zake. Tukauangalia, tukaona ni akili, tukaupitisha.

Wiki mbili baadaye walikuwa wanauza lita 40. Watu walisema waziwazi, "Mmeona? Wameshusha bei kwa sababu wanajua ni mbaya." Wakulima walidai malipo yao. Mmoja wa wanachama, ambaye hana mapato mengine, binti yake alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Aliyetufungua macho ni muuguzi wa zahanati, tena kwa swali moja tu. Alituuliza, "Kwani mmeenda kuwaona wazazi wa wale watoto?"

Hakuna aliyekuwa ameenda, si kikundi wala sisi. Tulikuwa tumefikiria wanunuzi tu, na jinsi ya kuwarudisha.

Tukienda polepole sasa, tofauti iko hapa. Utafutaji soko unamtazama mnunuzi. Unauliza: huyu mtu anahitaji nini, anaweza kulipa pesa ngapi, tumfikishie wapi, na atajuaje kwamba tunacho? Mwalimu mmoja wa Marekani, E. Jerome McCarthy, aliyapanga haya mambo mwaka 1960 katika mafungu manne ambayo mpaka leo hufundishwa kila chuo cha biashara: bidhaa, bei, mahali, na kutangaza. Mala iwe nzito au nyepesi? Pakiti ya nusu lita au robo? Tuuze kituo cha matatu au shuleni? Ubao tuuweke upande gani wa barabara? Yote hayo ni utafutaji soko. Na matokeo yake huonekana haraka: mwisho wa wiki unahesabu pakiti zilizokwenda na zilizorudi.

Uhusiano mwema unawatazama wote ambao maisha yao yanagusana na biashara yenu, wanunue wasinunue. Wazazi wa wanafunzi. Afisa wa afya. Chifu. Jirani ambaye maji ya kuoshea mitungi hupita shambani kwake. Wakulima wanaowaletea maziwa. Wanachama wenyewe, ambao mara nyingi ndio wa mwisho kuambiwa. Swali lake ni lingine: hawa watu wanatufikiriaje, na wana sababu gani ya kufikiri hivyo? Ile sehemu ya pili ya swali ndiyo muhimu. Kama wana sababu nzuri ya kutowaamini, kazi ni kuiondoa ile sababu kwanza, kabla ya kusema neno lolote. Na matokeo hayahesabiki kwa pakiti. Unaweza kufanya uhusiano mwema mwaka mzima usione kitu, halafu siku moja ya shida ukaona yote.

Tunajua siku hizi watu wakisema "hiyo ni PR tu", wanamaanisha ni maneno matupu ya kufunika uchafu. Si ajabu, kwa maana wengi wanaopewa hiyo kazi hufunika uchafu kweli. Kuna wengine wanaofikiri uhusiano mwema ni kugawa kalenda mwezi wa Desemba, au kumtilia mwandishi wa habari bahasha mfukoni. Kalenda haina ubaya. Bahasha ni hongo, tuiite kwa jina lake.

Katika masomo ya biashara kuna kisa kimoja ambacho hakikosi kutajwa, na baada ya yale ya mala tumekielewa upya. Ni cha dawa ya maumivu inayoitwa Tylenol, ambayo wakati huo ilikuwa ya kampuni ya Marekani Johnson & Johnson. Mwishoni mwa Septemba 1982, katika mji wa Chicago na vitongoji vyake, watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge hivyo. Kuna mtu alikuwa ametia sumu ya sianidi ndani ya vidonge, na kila dalili ilionyesha kwamba alifanya hivyo dawa ikiwa tayari madukani, si kiwandani. Muuaji hajawahi kupatikana na hatia ya vifo vile mpaka leo.

Kampuni ingeweza kusema, "Si sisi." Na ingekuwa kweli. Dawa hiyo ilikuwa imeshika zaidi ya theluthi moja ya soko lote la dawa za maumivu nchini mwao, kwa hivyo kulikuwa na sababu kubwa ya kupigania mauzo. Lakini tazameni walianza na nini. Walisimamisha matangazo yote ya kuuza. Waliwaambia watu wasimeze vidonge hivyo. Walifungua simu za bure za watu kuuliza maswali, na wakawajibu waandishi wa habari bila kujificha. Kisha wakarudisha kutoka madukani chupa kama milioni 31, nchi nzima, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Soko lao likaanguka mpaka chini ya sehemu moja kwa kumi.

Ilipofika Novemba mwaka huohuo, dawa ikarudi katika pakiti mpya yenye vizuizi vitatu: boksi lililogundishwa, plastiki kwenye shingo ya chupa, na karatasi ya kuziba mdomo. Mtu akiigusa, itaonekana. Hapo sasa, baada ya hayo yote, ndipo wakatoa kuponi za kupunguza bei, dola mbili na nusu kila moja. Katika muda wa mwaka mmoja hivi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya wateja wao.

Sisi tulianza na kuponi. Hilo ndilo kosa letu. Bei ya chini, ambayo ni chombo halali kabisa cha utafutaji soko, ikitolewa wakati watu wana hofu, huwa kama ushahidi dhidi yako.

(Hatusemi kampuni ile ni ya watakatifu. Miaka ya baadaye imeshtakiwa na maelfu ya watu kuhusu poda yake ya watoto. Sifa njema ya mwaka 1982 haikuilinda na maswali ya mwaka mwingine.)

Kisa cha pili kinatugusa karibu zaidi, kwa sababu kinahusu maziwa na watoto, tena wa bara letu. Kinaonyesha kinyume chake: soko linakwenda vizuri kabisa huku uhusiano unaoza.

Katika miaka ya 1960 na 1970, kampuni za maziwa ya unga ya watoto wachanga ziliuza sana Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mbinu zao zilikuwa za kisomi. Katika nchi kadhaa waliajiri wanawake, wakawavalisha sare nyeupe kama wauguzi, wakawatuma hospitalini na manyumbani kwa akina mama waliojifungua, wakiwa na mikebe ya bure. Mama akianza kutumia mkebe wa bure, maziwa yake hupungua, kwa maana titi lisiponyonywa hukauka. Mkebe ukiisha, lazima anunue. Asipokuwa na pesa ya kutosha hupunguza unga na kuongeza maji, na maji yenyewe ni ya mto. Mtoto anaharisha, anakonda. Kwa vitabu vya mauzo, mambo yalikuwa mazuri.

Walioanza kupiga kelele hawakuwa wanunuzi. Walikuwa madaktari na wauguzi, halafu makundi ya watu wa kawaida. Mwaka 1974 shirika la Uingereza, War on Want, lilitoa kijitabu kuhusu jambo hilo. Kikundi kimoja cha Uswisi kilikitafsiri na kukipa kichwa kikali kilichosema Nestlé inaua watoto. Nestlé ikawashtaki. Mwaka 1976 ilishinda kesi: mahakama iliona kichwa kile kilivuka mpaka, ikawatoza faini ndogo. Lakini hakimu akaiambia kampuni iangalie upya namna yake ya kuuza, na kufikia hapo dunia nzima ilikuwa imesikia habari ambayo mwanzoni ilisomwa na watu wachache. Mwaka huohuo, kule Marekani, masista wa shirika la Precious Blood, waliokuwa na hisa katika kampuni nyingine ya maziwa hayo, Bristol-Myers, waliipeleka mahakamani wakisema haikuwaeleza wenye hisa ukweli. Mwaka 1977 kukaanza mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé. Mwezi wa Mei 1981, Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa hayo kwa kura 118 dhidi ya moja tu, ya Marekani. Hapa Kenya tulipata sheria yetu mwaka 2012. Ndiyo sababu huoni tangazo la maziwa ya mtoto mchanga barabarani, na hakuna ruhusa ya kumpa mama mkebe wa bure wodini.

Angalieni walivyojibu mwanzoni: kwa wakili. Walidhani tatizo ni maneno ya watu. Tatizo lilikuwa jambo lenyewe. Hakuna ofisi ya uhusiano mwema duniani inayoweza kusafisha kitu ambacho ofisi ya mauzo bado inaendelea kukifanya.

Tukirudi kwa wamama wetu. Baada ya lile swali la muuguzi, tulikaa kikao kirefu, tena cha machozi. Wengine walisema kwenda kwa wazazi ni kukubali kosa ambalo halijathibitishwa. Mwenyekiti akasema, "Hata kama si sisi, wale ni watoto wetu." Wakagawana nyumba, wawili wawili, bila pakiti wala karatasi mkononi. Katika nyumba ya tatu, mama wa mtoto aliwaacha wamesimama mlangoni, akamwambia mwenyekiti: "Mama, mtoto wangu ametapika usiku kucha, halafu nyinyi mnaniletea karatasi ya bei." Mwenyekiti alijibu, "Ni kweli, dada. Tumekosa." Akanyamaza, hakuongeza maelezo.

Siku hiyohiyo waliacha kuuza. Walifunga siku tisa. Wakamwita afisa wa afya ya umma wao wenyewe, kabla hajaja kwa nguvu. Yeye aligundua kwamba wiki ile mfereji ulikuwa umekauka, na kijana aliyeajiriwa kuosha mitungi alichota maji ya bwawa. Alijua si vizuri, lakini aliogopa kusema maji hayapo kwa sababu alishakemewa kwa kuchelewa. Kama hiyo ndiyo iliyowaumiza watoto, hatuwezi kuapa. Ilitosha kuwa ingeweza. Waliwaambia wazazi hivyo hivyo, katika mkutano wa shule, pamoja na habari ya bwawa. Mwalimu mkuu alishangaa kwamba walisema.

Wakanunua tangi la maji, kwa zile pesa zilizobaki za ubao. Sasa mitungi huoshwa kwa maji moto na kuanikwa juani ikiwa imefunikwa, na kila Alhamisi asubuhi mlango uko wazi: mzazi yeyote, mwalimu yeyote, anaweza kuingia kuona maziwa yakipimwa na kuchemshwa. Wakulima nao waliitwa, wakakumbushwa kwamba ng'ombe akidungwa dawa, maziwa yake hayaletwi mpaka zipite siku zilizoandikwa na daktari wa mifugo. Hiyo siyo usafi tu. Maziwa yenye dawa pia hayagandi vizuri kuwa mala, na mkulima anayefahamu sababu hadanganyi.

Ilichukua karibu miezi mitano kufikia lita 90. Hawajafika 120. Shule ilirudi muhula uliofuata. Yule mama wa nyumba ya tatu mpaka leo hanunui, lakini mtu akisema vibaya sokoni, tunasikia yeye humjibu, "Nenda Alhamisi ukaone mwenyewe." Huyo si mteja. Hayumo kwenye kitabu cha mauzo hata kwa pakiti moja. Sasa mnaelewa tunachosema juu ya kazi ya pili.

Vikundi huuliza: je, tukinunulia timu ya vijana jezi zenye jina letu, hiyo ni kazi gani? Inaweza kuwa zote mbili, na hakuna ubaya. Kipimo chetu ni hiki: kama jezi zisingeandikwa jina, mngezinunua? Mkijibu hapana, basi ni tangazo. Liandikeni kwenye gharama za kutangaza, mlihesabu kama matangazo mengine, na msingoje kijiji kiwashukuru kama mliotoa sadaka.

Wengine huuliza nani afanye nini. Kwa kikundi chenye watu chini ya thelathini, msiunde kamati mbili, mtachoka bure. Mtu wa mauzo abaki na bei, madukani na pakiti. Lakini chagueni mtu mwingine, asiye na kazi ya kuuza, awe sikio. Mara nyingi mtu mzima aliyetulia anafaa kuliko kijana msemaji. Apewe ruhusa ya kusema kwenye kikao jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia, na lisiandikwe kama "mengineyo" mwisho wa ajenda watu wakiwa wameshashika mikoba. Yule kijana wa mitungi angekuwa na mtu wa namna hiyo, labda angesema maji hayapo.

Maswali ya kujadili kikundini

Someni kisa hiki kwa sauti, kisha watu wawili waigize: mmoja mzazi wa mtoto mlangoni, mwingine mwanachama. Mwanachama ajaribu kwanza kujitetea, halafu mrudie asijitetee. Kila mmoja aseme alihisi nini.

Mara ya mwisho mauzo yenu yalipoanguka, mlibadilisha nini kwanza? Mlijuaje kwamba shida ilikuwa hiyo?

Andikeni majina ya watu watano wasionunua kwenu ambao wakisema neno moja biashara yenu itasimama. Ni lini mlizungumza na kila mmoja wao bila kumwuzia wala kumwomba kitu?